Je, Wajua? Kikulacho ki Ubongoni

Je, wajua kwamba ugonjwa wa Alzheimer hauenezwi na mbu, maji machafu wala kikohozi? Protini mbili zinazoshtakiwa kwa kuangamiza kumbukumbu, amiloidi beta na tau, zimo vichwani mwetu sote, pamoja na chako wewe unayesoma. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikaribia sana.

Wajua mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa nani? Auguste Deter, mama wa miaka 51, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, Novemba 1901. Daktari Alois Alzheimer alimwuliza jina lake. Auguste. Na jina la mumeo? Auguste. Siku moja alikuwa akila koliflawa na nyama ya nguruwe. Alipoulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Alifariki Aprili 1906. Alzheimer alikata ubongo wake vipande vyembamba, akavitia rangi yenye madini ya fedha, na chini ya hadubini akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Jalada la mama huyu lilipotea kwa miongo mingi, likaja kuonekana tena Frankfurt mwaka 1995, lina mwandiko wa daktari mwenyewe.

Mabonge yale ndiyo amiloidi beta, ila George Glenner na Caine Wong walikuja kuitambua mwaka 1984 tu. Ni kipande kifupi kinachokatwa kutoka protini kubwa iliyochomoza kwenye utando wa seli. Kikikatwa kikiwa na asidi amino 40, mara nyingi husombwa kikaenda zake. Kikiwa na 42, hunata. Tofauti ni mbili tu!

Nyuzi zile ni tau, na tau si mhalifu wa kuzaliwa. Ndani ya seli ya neva mna mirija midogo inayopitisha mizigo kutoka ncha hadi ncha, na tau huishikilia kama kamba zinavyofunga fito za nyumba ya udongo. Fosfeti zikibandikwa juu yake kupita kiasi, kamba huachia fito na kujifunga zenyewe mafundo. Mizigo haifiki tena, na seli hufa njaa katikati ya neema.

Kati ya hizo mbili, ipi mbaya zaidi? Amiloidi imepewa sifa nyingi mno, kwa maoni yangu. Kuna wazee wanaokufa na ubongo uliojaa mabonge, na hadi siku ya mwisho wanakumbuka nani anawadai. Mafundo ya tau ndiyo yanayoandamana na usahaulifu kwa karibu zaidi.

Tazama huko Antioquia, Colombia. Upo ukoo mkubwa wenye kasoro ya jeni inayowafanya wahusika waanze kusahau wakiwa na miaka 40 na kitu. Mama mmoja wa ukoo huo aliirithi kasoro ile ile, lakini akafika miaka ya 70 akili yake ikiwa bado nzuri. Picha za ubongo wake, zilizotangazwa mwaka 2019, zilionyesha amiloidi imejaa pomoni na tau kidogo tu. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la jeni ya APOE, linaloitwa Christchurch. Moto ulikuwepo, nyumba haikushika.

Jeni hiyo hiyo ina sura nyingine, APOE4, inayojulikana kwa kuongeza hatari ya ugonjwa. Wajua kwamba kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, haikuonekana na makali hayo? Walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, na matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa wagonjwa wapya wa Alzheimer Ibadan hawakufika hata nusu ya wale wa Marekani.

Tusijipongeze mapema. Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na kama 6 kati ya kila 100 walikutwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa mgonjwa kama huyo, majirani husema uzee umemrudisha utotoni, kisha mazungumzo yanaishia hapo.

Turudi kwenye jeni. Ile inayotengeneza protini mama ya amiloidi iko kwenye kromosomu ya 21. Waliozaliwa na hali ya Down wana kromosomu hiyo tatu badala ya mbili, ndiyo maana wengi wao hupata mabonge mapema.



Na dawa? Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudorora kwa asilimia 27. Haikurudisha kilichopotea, na baadhi ya wagonjwa walivimba au kuvuja damu ubongoni. Inasaidia zaidi ikianzwa mapema, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa mabonge huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza. Bibi anayepotea njia ya sokoni akiwa na miaka 70 huenda bonge lake la kwanza lilitua akiwa na 50, siku alipokuwa akimtajia mwenye duka bei ya kila kitu bila kuangalia karatasi.