Kiyoyozi hakipoozi? Usikimbilie kununua kompresa

Joto linapopanda na kiyoyozi kikatoa upepo usio na baridi, wengi huambiwa kompresa imekufa. Kompresa ni pampu iliyo katika mashine ya nje; ndiyo inayosukuma gesi ili joto la chumbani litolewe nje. Bei yake ni kubwa, hivyo kagua kwanza yaliyo mepesi.

Hakikisha rimoti imewekwa kwenye kupoza. Ukizima kiyoyozi, subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kukiwasha tena. Osha chujio, kwani vumbi lake huzuia hewa na huwasumbua wenye pumu. Ondoa majani na takataka zilizoziba mashine ya nje. Ikikosa hewa, kompresa hupata moto na kujizima.

Kompresa ikiunguruma kidogo kisha ikanyamaza, huenda kilichoharibika ni kapasita tu, kifaa cha bei nafuu. Lakini usikiguse mwenyewe! Hubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa, nao waweza kuua.

Jua pia kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi kama ile ya jikoni. Ikipungua, inavuja. Fundi akiijaza bila kuziba tundu, utamwita tena, na kompresa itazidi kuumia. Swichi kuu ikijikata kila unapowasha, usiirudishe. Mwite fundi, na kabla hujatoa fedha za kompresa mpya, mwambie akuonyeshe alichopima.