MIAKA MITATU ULIKUWA WAPI? NILIKUWA NALEA!

Ukitaka kumwona mtu anayetetemeka hapa mjini, usihangaike kumtafuta aliyefumaniwa gesti. Nenda asubuhi kwenye ofisi yoyote iliyotangaza nafasi moja ya kazi, uangalie benchi la mapokezi. Utawaona mabinti waliotoka chuo juzi wanachekacheka na simu zao. Utawaona vijana wa kiume wamekabwa na tai za kuazima. Halafu pembeni utamwona dada mmoja kakumbatia bahasha ya kaki, kimya, anaangalia saa kila dakika. Huyo kaacha mtoto nyumbani. Vyeti anavyo, tena vizuri tu, lakini kwenye karatasi yake kuna shimo: mwaka fulani aliacha kazi, na tangu hapo hakuna kilichoandikwa.

Mie ni mmoja wao. Nina kidato cha nne changu, nina cheti cha kompyuta cha miezi sita, na nilifanya ukarani wa mauzo miaka miwili kabla sijajifungua. Mwaka 2021 mkataba wangu ulikwisha nikiwa na mimba ya miezi saba. Haukuongezwa, nikakaa nyumbani. Nilidhani ni suala la miezi sita, ikawa miaka mitatu! Kila nikisema nirudi, mara mtoto homa, mara dada wa kazi katoroka na vitenge vyangu, mara baba mtoto naye vibarua vyake vimekata. Wenye watoto mnanielewa.

Wiki hii basi tuongee kuhusu intavyuu, au usaili kama wanavyoita wenyewe maofisini, kwa mtu anayerudi kazini baada ya kulea. Hicho kiti nimekikalia mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilitoka na machozi, mara ya pili nikatoka na kazi. Kwa hiyo ninachokuambia hapa sikukisikia kijiweni.

MASWALI YA MKE WA MTU

Kampuni ya kwanza siitaji jina, haina haja. Niliingia nikawakuta watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo. Nikaamkia, nikakaa. Yule mzee wa katikati akafunua karatasi yangu, akaishusha miwani.

"Dada, hapa naona miaka mitatu mitupu. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, nilikuwa nalea mtoto. Basi! Kama vile nimefungua bomba. Mtoto ana umri gani? Wa pili unamtarajia lini? Akiumwa usiku, asubuhi utakuja kazini au utatupigia simu? Mumeo karuhusu? Nilikaa mle kama dakika ishirini na tano, na maswali ya mauzo yalikuwa mawili tu. Kijasho chembamba kilinitoka, si kwa sababu majibu sikuwa nayo, bali sikujua tena kama naomba kazi au naposwa.

Sasa sikiliza kioja. Aliyeingia baada yangu alikuwa kijana ana pete kidoleni. Tulikutana nje kwa muuza maji, tukapiga stori. Ana watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Nikamuuliza, wamekuuliza watoto unawaacha na nani? Akanishangaa. "Aah, wameniuliza kama naweza kuendesha pikipiki, na mshahara nataka kiasi gani."

Simu yao naisubiri mpaka leo.

Nilipanda daladala la Mbagala nikiwa na hasira za kutosha kumpiga kondakta. Lakini jioni ile, mtoto kalala, nikaanza kufikiri kwa utulivu. Hawa watu wanaogopa nini hasa? Mtoto hawajamwona, hawana ugomvi naye. Wanachoogopa ni dirisha la mauzo kufungwa saa mbili asubuhi na wateja wamepanga foleni. Hofu yao ni utoro. Wanakosea kuipeleka kwa akina mama peke yao, maana tunawajua wanaume wanaotoroka kazini kila Jumatatu kwa sababu ya ulabu wa Jumapili. Lakini hofu ipo, na ukiingia chumbani bila jibu lake, hata uwe na vyeti vya kujaza gunia umekwisha.

PANGA NYUMBANI KABLA YA OFISINI

Dada zangu wengi tunafanya hivi: tunatafuta kazi kwanza, halafu ndiyo tunatafuta wa kukaa na mtoto. Mie mara ya pili niligeuza. Mtaani kwetu kuna mama anayekaa na watoto watano mchana, analipwa kwa wiki. Nikaongea naye. Nikaongea na wifi yangu ambaye anauza vitumbua asubuhi na akishamaliza yuko huru, huyo awe mtu wa akiba. Halafu nikakaa na baba mtoto, tukakubaliana kwamba mtoto akiamka na homa, siku ya kwanza ni yake yeye, siku ya pili ni yangu. Alinuna kidogo. Nikamuuliza, huyu mtoto nilizaa na nani? Akakubali.

Kisha tukafanya majaribio kabla hata sijaitwa popote. Siku nne mfululizo nilimpeleka mtoto kwa yule mama saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda gari mpaka Kariakoo kama vile naenda kazini, nikarudi jioni. Siku ya kwanza mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na mie nililia kwenye daladala kama mjinga, abiria wananiangalia. Siku ya nne alinipungia mkono. Nikajua pia kwamba foleni ya asubuhi inanila saa nzima na zaidi, kwa hiyo kusema nitafika saa mbili kamili ni lazima nitoke saa kumi na mbili na nusu.

Faida yake nini? Faida ni kwamba nilipoulizwa tena, sikuahidi. Nilieleza jambo ambalo lilikuwa tayari linafanyika.

SHIMO LISIKUTIE AIBU

Shoga yangu mmoja alinishauri niandike kuwa miaka ile mitatu nilikuwa nasimamia duka la shemeji. Nikakataa. Mabosi wa siku hizi wanapiga simu, na shemeji mwenyewe mlevi, atasema nini? Uongo kwenye wasifu wa kazi ni kama deni la kikoba, siku ya kuulizwa lazima ifike. Niliandika mstari mmoja tu: 2021 hadi 2024, malezi ya mtoto.

Chini yake nikaongeza kitu cha kweli. Kwa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama ishirini na wawili. Hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji, vyote viliandikwa kwa mkono wangu, na siku ya kugawana hakuna aliyedai hata shilingi mia. Nilienda na daftari lenyewe kwenye bahasha. Wewe nawe jikague. Uliuza maandazi na kuandika wadeni? Ulikuwa katibu wa kamati ya harusi, ukakusanya michango? Hiyo ni kazi, iandike.

Ila tusiende mbali. Usije ukawaambia kuwa kubadilisha nepi kumekufundisha uongozi. Watakucheka, na watakuwa na haki.

MTIHANI WA VITENDO

Usaili wa siku hizi si kuulizwa jina na kabila ukaambiwa njoo Jumatatu. Kwa wanaoomba serikalini, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inaweza kukupitisha kwenye mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha vitendo kwa kazi zinazohitaji vitendo, halafu ndiyo mahojiano ya ana kwa ana. Vyeti halisi lazima uende navyo. Na hapa dada ulioolewa fungua masikio: kama cheti kinasoma jina la baba yako na kitambulisho kinasoma jina la mume, shughulikia mapema hati ya kisheria ya jina. Usisubiri ukaja kulia mlangoni.

Kampuni binafsi nazo hazichezi. Ile ya pili niliyoenda, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, walitukalisha sita mezani wakatupa karatasi na kikokotoo. Swali mojawapo: mteja kalipa shilingi 236,000, ndani yake mna VAT ya asilimia 18. VAT ni shilingi ngapi? Jirani yangu akapiga asilimia 18 ya 236,000, akapata 42,480, akatabasamu. Haiendi hivyo. Bei ikishabeba kodi ndani yake, unagawanya kwa 118 kisha unazidisha kwa 18. Jibu ni 36,000.

Nilijuaje? Jumamosi mbili kabla, nilienda kwa mwenzangu wa zamani ambaye hakuwahi kuacha kazi. Nilimbebea soda na biskuti za wanawe, akanionyesha yaliyobadilika: namna wanavyolinganisha malipo ya lipa namba na risiti jioni, namna wanavyotunza hesabu za ghala kwenye kompyuta badala ya kadi. Miaka mitatu si mingi, lakini kwenye kazi za mauzo mambo hukimbia. Kabla hujaenda kuulizwa na bosi, nenda kaulizwe na rafiki.

SHERIA INASEMAJE

Kuna jambo ambalo wengi hatulijui mpaka yatukute. Huku Bara tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamkataza mwajiri kubagua mtu kwa sababu ya jinsia, mimba, ndoa au majukumu ya familia, na anayelindwa hapo si aliyekwishaajiriwa tu, hata anayeomba kazi yumo. Ukishaajiriwa, ipo likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Anayenyonyesha anaruhusiwa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, jumla isizidi saa mbili kwa siku.

Migogoro ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini tusidanganyane, kuthibitisha kwamba ulinyimwa kazi kwa sababu una mtoto ni ngoma nzito, maana hakuna atakayekuandikia barua aseme hivyo. Tena jua kwamba mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri, kile kifungu cha kuachishwa kazi isivyo halali bado hakimfuniki. Ndiyo maana nasisitiza mipango ya nyumbani. Ile miezi sita ya mwanzo ndiyo yenyewe.

KITI CHA PILI

Haya, nimeitwa ndani. Safari hii bosi alikuwa mzee wa kiasi, mpole, kalamu sikioni. Akaniuliza mauzo, akaniuliza ghala, akalishika daftari la kikoba akalifunua kurasa kama nne bila kusema neno. Halafu nikaona macho yamerudi kwenye ile miaka mitatu.

"Na mtoto je?"

"Mzee, ana wa kukaa naye kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni. Akiumwa, baba yake anabaki siku ya kwanza, na yupo mtu wa akiba. Mpango huo tumeshaujaribu, unakwenda."

Nikanyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, anajibu vizuri halafu anaendelea kujitetea mpaka mtu anaanza kuwa na wasiwasi. Kimya kikapita. Akauliza tena, "Na ukipata wa pili?"

"Likija hilo, mzee, sheria inanitaka nikuarifu miezi mitatu kabla. Nitakuarifu."

Akaandika kitu. Kisha akauliza mshahara. Jamani, hapa ndipo tunapojiuza bei ya kutupa! Kwa kuwa umekaa nyumbani unajiona unasaidiwa, unasema "chochote tu bosi." Nilikuwa nimepiga hesabu usiku: nauli ya mwezi, malipo ya yule mama, chakula cha mchana, na kinachopaswa kubaki. Nikataja. Akapunguza kidogo, nikakubali maana bado kilikuwa juu ya mstari wangu. Kingeshuka chini ya hapo ningeshukuru na kuondoka, kwa sababu kufanya kazi ili ulipe nauli na mlezi tu, bora ukaange mihogo.

Simu ilikuja siku ya tisa. Wiki ya pili kazini mtoto akaamka na homa kali. Baba yake akabaki naye, akampeleka zahanati, akapoteza kibarua cha siku hiyo, na jioni nilikuta kaosha mpaka sufuria. Siku ya pili ilikuwa yangu. Wifi akaziba mchana, nikaenda kazini na moyo umebaki nyumbani. Sikudanganyi kwamba ilikuwa rahisi.

Kwa hiyo dada yangu uliyefungia vyeti kabatini, vitoe uvipanguse vumbi. Na wewe shemeji unayesoma gazeti hili saluni, mkeo akiitwa kwenye usaili usimwulize nguo gani atavaa. Mwambie siku zako za homa ni zipi.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.