Mechi kwenye simu yaleta hesabu mpya Lushoto

JIONI ya siku ambayo Simba na Yanga zinakutana, watazamaji wa Lushoto hugawanyika makundi mawili hata kabla ya kuulizana rangi ya jezi. Kundi la kwanza hulipa kiingilio na kubanana kwenye mabenchi ya kibanda umiza. La pili hubaki nyumbani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, watu watatu au wanne wamekizunguka kioo kisichozidi upana wa kiganja.

Kundi hili la pili limezua swali ambalo linamgusa mkulima wa kabichi, viazi na karoti wa milima ya Usambara: je, kutazama mpira kwa njia ya intaneti ni nafuu kweli kuliko dishi au kibanda?

Matangazo ya biashara yanajibu ndiyo, bila kusita. Lakini matangazo hayo hayataji jinsi fedha zinavyoingia mfukoni mwa mkulima, wala umbo la milima yenyewe.

Tuanze na milima. Televisheni ya kuvutiwa waya nyumba hadi nyumba ni biashara ya mijini, na haiwezi kumfikia mtu ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya korongo. Antena ya kawaida nayo inataka kuuona mnara bila kizuizi, jambo gumu kwa anayeishi bondeni. Dishi halina shida hiyo. Setilaiti inayotumiwa na DStv iko nyuzi 36 mashariki, na Lushoto iko karibu nyuzi 38, hivyo dishi hutazama karibu utosini. Ile ya Azam TV iko nyuzi 7 mashariki. Dishi lake huinama upande wa magharibi, lakini bado hutazama juu vya kutosha kuvuka vilima vingi. Ndiyo maana hata bondeni, ambako simu inatafuta mtandao kwa kupandishwa kichuguu, televisheni inaweza kuonyesha picha safi kabisa.

Hasara ya dishi iko kwenye malipo. Mwaka 2007 ilikuja kampuni ya GTV ikiwa na haki za kuonyesha Ligi Kuu ya England na bei ya chini. Mwishoni mwa Januari 2009 ikafilisika, na waliokwisha kununua dishi na king'amuzi wakabaki na mapambo ya ukutani. Azam TV ilianza Desemba 2013, na mwaka 2021 ikasaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Ligi ya England imekuwa mikononi mwa SuperSport ya DStv kwa miaka mingi. Kwa hiyo shabiki wa Yanga ambaye pia ni shabiki wa Arsenal anajikuta na ving'amuzi viwili na malipo mawili ya kila mwezi.

Neno "kila mwezi" ndilo linalomsumbua mkulima. Kabichi hukaa shambani karibu miezi mitatu. Katika miezi hiyo fedha zinatoka tu, kwa mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Siku ya mavuno zinaingia kwa mkupuo, nyingi au kidogo, kutegemea bei aliyoitaja dalali. Mwajiriwa anaweza kulipia king'amuzi kila tarehe ya mshahara. Mkulima akilipa mwezi wa mavuno, mwezi wa palizi king'amuzi kimekatwa. Hapo ndipo bando la simu linapopata mvuto. Linanunuliwa siku ya mechi, kwa fedha iliyopo siku hiyo, na wiki isiyo na fedha haidaiwi kitu.

Sasa hesabu. Picha ya moja kwa moja ya ubora wa chini, inayotosha kwa kioo cha simu, huhitaji takriban megabiti moja kwa sekunde. Hiyo ni MB 450 kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko na dakika za nyongeza hukaribia saa mbili, yaani MB 900. Tuchukue bei ya mfano ya sh2 kwa MB moja: mechi moja inakula sh1,800, kabla ya kuhesabu ada ya programu yenyewe. Kiingilio cha kibanda tukiweke sh500. Mtazamaji wa peke yake, basi, analipa zaidi ya mara tatu.

Kwa msimu mzima tofauti inatisha zaidi. Timu ya Ligi Kuu ya Bara hucheza mechi 30, ya England mechi 38. Mwenye timu moja kila upande ana mechi 68. Kibandani zitamgharimu sh34,000. Kwenye simu sh122,400. Katika shamba dogo, tofauti hiyo ya sh88,400 ni fedha ya kununulia pembejeo.

Lakini mambo hubadilika mara watu wanapokaa pamoja. Wanne wakichangia simu moja, kila mmoja amelipa sh450, chini ya kiingilio. Kwa hiyo nyumba yenye baba, vijana wawili na mjomba wote wapenda mpira inapata nafuu kwa intaneti, wakati kijana aliyejifungia chumbani na simu yake anajidanganya. (Kampuni za simu, bila shaka, zinampenda zaidi huyo wa chumbani.)

Kuna tatizo jingine ambalo fedha peke yake haiwezi kulitatua. Setilaiti hurusha picha moja, na mia au milioni wakiipokea haipungui. Intaneti humpelekea kila mtazamaji nakala yake. Watu 60 waliochukua mechi kwenye mnara mmoja wa simu wanahitaji megabiti 60 kwa sekunde kwa wakati mmoja. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya nchi imeongezeka mno, lakini hatua ya mwisho, kutoka mnarani hadi kwenye simu iliyoko nyuma ya kilima, bado ni ile ile nyembamba. Picha huganda, na huganda hasa siku ya mechi kubwa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wote wamewasha.

Hata isipoganda, huchelewa. Picha ya intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, ikahifadhiwa kidogo kabla ya kuonyeshwa, hivyo inaweza kuwa nyuma ya dishi kwa nusu dakika au zaidi. Kwenye mabonde ya Usambara, ambako sauti husafiri jioni, kelele ya goli kutoka kibandani humfikia mwenye simu wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja.

Haki yake simu nayo ipewe. Umeme ukikatika, televisheni huzimika lakini simu yenye chaji huendelea. Mvua kubwa za masika hudhoofisha mawimbi ya dishi, na msimu wa mpira, kuanzia Agosti hadi Mei, hupitia vuli na masika yote mawili. Na shabiki wa Coastal Union, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988, anaweza kuitazama timu ya mkoa wake akiwa shambani, bila kushuka Mombo na kupita Korogwe, Segera na Muheza hadi uwanja wa Mkwakwani.

Kitu ambacho simu haiwezi kukileta ni mazungumzo ya kabla ya mpira. Benchi la kibanda hukalisha pamoja mkulima, dereva wa fuso na kijana anayekusanya mazigo kwa ajili ya Dar es Salaam. Hapo ndipo mtu husikia bure kwamba karoti zimejaa sokoni, au kwamba hoho zimeadimika. Anayetazama nyumbani huipata habari hiyo kwa kupiga simu, akiwa bado ana salio. Bando lililoishia dakika ya 70 haliwezi kuuliza bei ya kabichi kesho yake asubuhi.

Wenye vibanda nao si lazima wawe wahanga. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu kuonyesha kwa kulipisha, na mwenye kibanda anapaswa kutafuta kifurushi cha biashara na leseni kwanza, kama anataka kulala usingizi. Akishakuwa na hivyo, intaneti inaweza kuwa chombo chake. Jumamosi ambayo Arsenal na Coastal Union zinacheza saa moja, dishi linachukua mechi ya kwanza na bando linapeleka ya pili kwenye televisheni ya pembeni, mradi haki ya kuionyesha hadharani imelipiwa. Kwa picha nzuri ya megabiti tatu kwa sekunde, mechi hiyo itakula GB 2.7, yaani sh5,400 kwa bei ile ile ya mfano. Zikigawanywa kwa viti 60, kila kiti kimebeba sh90.