Babu wa Courmayeur na Babu wa Nyeri

Mjukuu wa César Ollier au wa Joseph Brocherel hapati taabu kumtafuta mzee wake. Wazee hao walitoka Courmayeur, katika Bonde la Aosta, upande wa Italia wa mpaka na Ufaransa, ambako Kifaransa kimesemwa kwa karne nyingi. Ndio waliomfikisha Mwingereza Halford Mackinder kwenye kilele cha Batian, adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899. Wameandikwa vitabuni, na barafu mbili za Mlima Kenya zikapewa majina yao, Cesar na Joseph.

Je, waliobeba mizigo? Msafara ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Katika masimulizi yanayosomwa sana, hao 96 wamebaki tarakimu tu.

Mtu wa Nyeri anayehisi kwamba babu wa babu yake alikuwamo hana budi kuanza na nyakati zenyewe. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwezi wa Mei mwaka huo. Mji wa Nyeri haukuwapo. Ngome ya Waingereza ilijengwa mwaka 1902. Nchi ilikuwa katika njaa ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, na ndui ikazidi kuwamaliza watu. (Jina hilo pekee latosha somo zima darasani.) Msafara ulipopiga kambi chini ya mlima tarehe 18 Agosti, chakula kilikosekana, wawili wakauawa na wenyeji, ikabidi mwenzao Saunders atumwe Naivasha kuomba msaada. Wapagazi wameandikwa kuwa watoro na wezi. Mimi nawaona watu wenye njaa, waliopitishwa na mizigo ya mgeni katika vijiji vyenye njaa kama wao.

Kipande kilikuwa bado, na wamisionari wa Consolata hawakuwa wamefika na vitabu vyao vya ubatizo. Lakini rika lilikuwapo. Wakikuyu walilipa jina kila kundi la waliotahiriwa, mara nyingi kwa tukio la wakati huo: Mutung'u kwa ajili ya ndui, na baadaye sana Forty, la mwaka 1940. Mwenye rika la mzee wake ana mahali pa kuanzia.

Naam, walimu wa historia wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, wapeni wanafunzi kazi hiyo likizo ya Agosti, maana wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua. Mtoto amuulize nyanyake: mzee wetu alikuwa wa rika gani, na wakati wa Ng'aragu ya Ruraya alikwenda wapi kutafuta chakula?