Mawazo ya mwaka wa kwanza chuoni: kweli au uongo kwa vijana wa Masisi na Walikale

"Anayelemewa na L1, mwaka wa kwanza, ni mvivu, au akili yake ni ndogo."
Uongo, na unaumiza. Kijana amepata diploma ya serikali Nyabiondo au Mubi, amefika Goma, anasomea ukumbi mmoja na mamia ya wenzake, na profesa anasoma Kifaransa mfululizo bila kungoja kalamu ya mtu. Hayo peke yake yanachosha. Ongeza yaliyotokea 2025: waasi wa M23 walishika Masisi-kati tarehe 4 Januari, Goma tarehe 27 Januari, Walikale-kati tarehe 19 Machi. Benki za Goma zikafungwa. Mzazi aliyeuza maharagwe ili alipe minerval, yaani karo, akabaki akitafuta njia ya kuituma kwa simu, kama mtandao upo. Mtoto anayeyahesabu haya usiku kucha hajakosa akili.

"Kushtuka mlango ukibamizwa ni pepo, au amerogwa."
Uongo. Mwili uliozoea kukimbia risasi unaendelea kujikinga hata mahali palipotulia: adrenalini inapanda, moyo unadunda, usingizi unakatika. Kwa wengi hali hii inapungua kadiri usalama unavyorudi. Ikianza, vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, kanyaga chini kwa nguvu na utaje kimoyomoyo vitu unavyoviona. Dakika chache hutosha.

"Aliyeona vita ahimizwe aeleze yote mara moja, ndipo atapona."
Uongo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumlazimisha mtu asimulie. Muulize kama amekula, kama amepata habari za nyumbani, kama ana pa kulala. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza.

"Diazepamu inasaidia kulala na kusoma."
Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu vidonge hivi ni rahisi kuvipata. Kulala, utalala. Lakini diazepamu inapunguza uwezo wa kukumbuka, yaani inaharibu kilekile ulichokesha ukikitafuta. Mwili unaizoea, dozi inapanda, na aliyeimeza muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Ukiichanganya na pombe, kasiksi au kanyanga, pumzi inaweza kukatika. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za jamii hii zisitumiwe kutibu ukosefu wa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Aliyekwisha kuizoea asiache peke yake. Aende kwa mganga amsaidie kupunguza kidogo kidogo.

"Anayekesha ndiye anayefaulu."
Uongo. Ubongo huhifadhi somo wakati wa kulala. Badala ya kukesha, funga silabusi, jaribu kusema ulichosoma bila kuangalia, kisha fungua usahihishe. Fanya hivyo na wenzako wawili watatu wa promosheni, mfafanuliane kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kifaransa.

"Maombi yanasaidia."
Kweli, na kwaya pia, maana mtu hayuko peke yake. Yasitumiwe tu kumzuia mgonjwa kwenda kwa mganga.

"Daktari wa akili ni wa wendawazimu."
Uongo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Wengi wao wanakwenda sokoni na shuleni kama sisi. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha Frères de la Charité. Walio nyumbani waulizie hospitali kuu ya Masisi, ambayo Médecins Sans Frontières wanaisaidia tangu 2007. Nenda ikiwa majuma mawili yamepita hulali, huli, au husomi tena. Na mwenzako akisema afadhali afe, usimwambie ajikaze: kaa naye, ondoa vidonge na sumu karibu naye, na umsindikize kwa mganga siku hiyohiyo.