Kabla ya Kumshuku Dereva, Pimeni Sensa



Katika kutembelea vikundi tulikuta kimoja, chenye pikapu ya kupeleka mboga sokoni, kikiwa karibu kuvunjika. Ubaya ulianza na mafuta. Petroli iliyokuwa ikitosha safari tatu sasa iliishia mbili. Mweka hazina akasema ati kijana anayeendesha anafyonza petroli na kuuza. Kijana akakana, lakini akanyang'anywa funguo. Fundi akabadilisha plagi zote, kisha pampu ya petroli. Gari likaendelea kunywa vile vile. Akiba ikaisha, maneno yakazidi.

Kumbe shida ilikuwa kifaa kidogo kama kidole: sensa ya joto la maji.

SENSA NI NINI?

Hapa hatusemi sensa ya kuhesabu watu. Mafundi huita sensa kila kifaa kinachopelekea kompyuta ya injini habari. Gari la zamani lenye kabureta lilivutwa choki asubuhi ili lipate petroli nyingi likiwa baridi. Gari la siku hizi halina choki ya kuvuta. Kompyuta huiuliza sensa: maji ya injini yana joto kiasi gani? Ikiambiwa ni baridi, huongeza petroli. Ikiambiwa yamepata moto, hupunguza. Basi sensa ikiharibika na kusema "baridi" siku nzima, ni kama choki imeachwa imevutwa kutoka nyumbani hadi sokoni.

DALILI

- Gari linakula petroli kuliko kawaida.
- Moshi mweusi na harufu ya petroli.
- Linasumbua kuwaka likiwa bado na moto.
- Plagi zinajaa masizi.

Taa ya injini yaweza kuwaka, lakini si lazima. Geji ya joto pia yaweza kuonyesha vizuri, kwa sababu magari mengine yana sensa mbili, moja ya geji na nyingine ya kompyuta. Tena, dalili hizi zaweza kuletwa na makosa mengine. Ndiyo maana tunasema: pimeni kwanza, nunueni baadaye.

KUPIMA

1. Fundi achomeke mashine ya kusoma kompyuta asubuhi, kabla injini haijazunguka. Joto la maji liwe karibu sawa na la hewa. Baada ya safari lifike kama digrii 80 hadi 100. Ikiwa mpira wa rejeta unachoma mkono na mashine bado inasema 20, kuna uongo mahali. Namba za P0115 hadi P0118 zinahusu sensa hii, lakini hazisemi kwamba imekufa. Panya akikata waya, namba zaweza kuwa hizo hizo.

2. Zimeni gari, mchomoe soketi ya sensa. Tazameni kama kuna kutu au waya uliokatika.

3. Pimeni sensa yenyewe kwa mita ya umeme, kati ya pini zake mbili. Katika Toyota nyingi utapata omu 2,000 hadi 3,000 kwa digrii 20, na omu 200 hadi 400 hivi kwa digrii 80. Namba isiposhuka injini ikiwa moto, sensa imeharibika. Ikishuka vizuri, msinunue nyingine. Rudini kwa waya.

KUBADILISHA

Ngojeni injini ipoe kabisa. Kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa moto kumewachoma watu wengi. Toeni waya hasi wa betri, mpunguze maji ya rejeta ndani ya ndoo. Fungueni sensa kwa spana, mfunge mpya pamoja na washa yake mpya. Kazeni kiasi tu, maana hupasuka. Rudisheni kulanti, mwashe injini, mtoe hewa, na kuangalia kama inavuja. Kulanti msiimwage chini. Ni tamu, na mbwa au mbuzi akiilamba yaweza kumwua.

Pikapu ya wenzetu ilirudia safari zake tatu. Kijana alirudishiwa funguo mbele ya mkutano, na mweka hazina akamwomba msamaha. Pesa za pampu hazikurudi.

Tunashauri mambo mawili. Kwanza, wekeni daftari ya gari: tarehe, lita, kilomita. Mafuta yakianza kupotea, daftari itaonyesha siku yalipoanza. Pili, fundi asinunue spea kabla ya kuwaonyesha wanakamati kipimo chake, na ile ya zamani airudishe kwenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni nani kati yetu amewahi kulaumiwa kwa kosa la mashine?
2. Mara ya mwisho tuliponunua spea, tulipima au tulibahatisha?
3. Nani ataandika daftari, na nani atalikagua kila mwezi?