Kozi za Kompyuta: Mpangilio Mbaya Humkwamisha Mwanafunzi

Idara na vituo vingi siku hizi vinaandaa kozi za kusomwa kwa kompyuta au simu, ili mhudumu aliye mbali asilazimike kuacha kazi na kusafiri kwenda semina. Jambo hili ni jema. Hata hivyo, waandaaji wengi huweka nguvu katika maandishi na picha, wakasahau kanuni zinazoamua somo lipi lifuate lipi. Katika makala hii tunaeleza kanuni hizo na makosa yanayojitokeza mara kwa mara.

SCORM ni nini?

SCORM ni mkusanyiko wa viwango vilivyotolewa na ADL, mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1997. Lengo lake ni kozi iliyotengenezwa mahali pamoja iweze kutumika katika mfumo mwingine bila kuandikwa upya. SCORM 1.2 ilitoka mwaka 2001. SCORM 2004 ndiyo iliyoleta kanuni kamili za mpangilio na uelekezaji, na toleo lake la 4 lilitoka mwaka 2009.

Kozi hupangwa kama mti: shina ni kozi, matawi ni sehemu zake, na majani ni masomo. Kila somo hupeleka taarifa kwenye mfumo, na mfumo ndio unaoamua hatua inayofuata. Tuchukue mfano wa kozi ya malaria kwa wahudumu wa afya ya jamii yenye masomo matatu: dalili za hatari kwa mtoto, kipimo cha haraka, na utoaji wa dawa. Mwisho kuna mtihani.

Makosa ya kuepuka

1. Kuacha mipangilio ya mwanzo bila kuigusa. Kila tawi lina swichi mbili muhimu. Ya kwanza, "choice", humruhusu mwanafunzi kuchagua somo kwenye orodha. Mwanzoni huwa imewashwa. Ya pili, "flow", humruhusu kwenda mbele kwa kitufe cha Endelea. Mwanzoni huwa imezimwa. Usipozigusa, mwanafunzi anaweza kurukia mtihani, na kitufe cha Endelea hakimpeleki popote. Ukizima ya kwanza bila kuwasha ya pili, hana njia kabisa. Kumbuka pia kuwa swichi za shina hazirithiwi na matawi. Kila tawi liwekewe zake.

2. Ukimya kuhesabiwa kuwa kufaulu. Somo lisipopeleka taarifa yoyote, na mwandaaji asiposema vingine, mfumo huchukulia kwamba mwanafunzi amemaliza na amefaulu. Aliyefungua somo la dalili za hatari na kulifunga papo hapo ataandikwa sawa na aliyelisoma lote. Cheti kitatoka, lakini mhudumu hataitambua hatari kwa mtoto atakayeletwa kwake. Taja wazi kwamba matokeo yatatolewa na somo lenyewe.

3. Kuchanganya kumaliza na kufaulu. Hizi ni taarifa mbili tofauti. Mtu anaweza kumaliza mtihani na akafeli. Ikiwa umeagiza mtihani ufunguke kwa aliyefaulu somo, lakini somo linapeleka taarifa ya kumaliza tu, mlango utabaki umefungwa hata kwa mwanafunzi mwenye bidii. Vilevile, kwa kawaida matokeo ya tawi hujumlisha majani yake yote. Ukitaka mtihani peke yake uamue kufaulu, eleza kwamba masomo ya kusoma yasihesabiwe katika jambo hilo.

4. Somo kumpeleka mwanafunzi kwenye somo lingine. Wengine huweka kiungo ndani ya somo la kwanza kinachofungua la pili moja kwa moja. Hii ni kinyume cha kiwango, na mfumo utadhani mwanafunzi bado yuko somo la kwanza. Somo hupaswa kutuma ombi tu. Mfumo hulitekeleza somo likishafungwa.

5. Kutohifadhi mahali alipofikia. Somo lisipoueleza mfumo kwamba mwanafunzi amesimama kwa muda, akirudi ataanza upya. Kwa maeneo ambako umeme na mtandao hukatika, somo lihifadhi taarifa kila baada ya hatua chache, lisisubiri mwisho.

6. Kutouchunguza mfumo utakaotumika. Moodle, inayotumika sana vyuoni, inakubali SCORM 1.2 vizuri, lakini haitekelezi kikamilifu kanuni za mpangilio za SCORM 2004. Kozi iliyofanya kazi kwa fundi inaweza kukwama kwenye seva yenu.

Tufanye nini?

Kwanza, tuchore mti wa kozi kwenye karatasi na kuandika kila kanuni kwa lugha ya kawaida, kwa mfano: "Mtihani ufunguke masomo yote matatu yakimalizika." Kanuni isiyoelezeka kwa sentensi moja irahisishwe.

Pili, kozi ijaribiwe kwenye seva ileile itakayotumika, na watu wanne: anayefuata utaratibu, anayerukaruka, anayefeli mtihani, na anayezima kompyuta katikati ya somo. Kisha tulinganishe taarifa za mfumo na yale waliyoyafanya kweli.

Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili. Ni afadhali siku hizo zitumike kabla ya kozi kufunguliwa kuliko kuwarudisha wahudumu darasani baada ya kuwapa vyeti.